Siku Niliyotafuna Kahawa ya Makumbusho

Ilianza siku ya Ijumaa, saa nne na robo asubuhi, na saa naijua kwa sababu Madam Kokugonza alikuwa ndiyo kwanza ametuambia tuangalie saa zetu (wenye saa) ili ikifika saa nne na nusu wote tuwe tumekusanyika. Nasema mapema kabisa ili msikae mkisubiri nijitetee: ni mimi. Hayo mnayoyasikia kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu, ya msichana aliyekula kitu cha makumbusho, hayajatiwa chumvi sana, isipokuwa ile ya kwamba nilikula na kikapu chenyewe, hiyo ni ya Deus, tunayesoma naye, na Mungu anamwona.

Kwa wasionifahamu, naitwa Asimwe, nasoma huku Nyakasimbi, na mimi ni mtu wa aibu. Sio aibu ile ya kuinamisha macho huku unacheka pembeni, hapana, yangu ni ya kiasi kwamba mwalimu akiita majina naitika halafu nakaa kipindi kizima nawaza kama nimeitika vibaya, na tangu nianze Kidato cha Kwanza sijawahi kunyoosha mkono darasani, hata jibu nikiwa nalijua, hata nikiwa nimebanwa na haja ndogo. Madam Kokugonza, ambaye anatufundisha Kiswahili na ndiye mlezi wa klabu yetu ya sanaa, alishamwambia baba kwenye kikao cha wazazi kwamba huyu mtoto akili anazo ila amezifungia ndani na ufunguo ameupoteza. Baba alirudi nyumbani ananiangalia kama mtu anayetafuta ufunguo.

Basi siku hiyo klabu ya sanaa ilikuwa imekwenda kutembelea jumba la makumbusho ya sanaa la mkoa, lile lililojengwa kando ya ziwa kule Isingiro, upande wa Kyerwa (ziwa dogo, sio Viktoria, msianze kuwaza meli). Tuliondoka alfajiri kwa Koasta ya kukodi, tukapita Omurushaka watu wakiwa bado wanaanika kahawa yao kwenye mikeka kando ya barabara, tukala vumbi mpaka nyusi zikawa nyekundu, na tuliposhuka pale kila mtu akanyamaza bila kuambiwa. Pametulia mno. Maji yamelala, mafunjo yamesimama pembeni hayatikisiki, ndege weupe wamekaa kama wamewekwa na mtu, na jumba lenyewe lina baraza ndefu inayotazama ziwa. Hata Deus, ambaye huwa anaongea akiwa usingizini, alinong'ona kwa muda fulani.

Tukazungushwa, tukaona vinyago, tukaona michoro, na mimi nilikuwa na raha kabisa kwa sababu kwenye makumbusho hakuna anayekuuliza kitu, wewe unatazama ukuta na ukuta unakutazama. Halafu Madam akasema sasa tutoke barazani tupige picha ya pamoja. Mpiga picha akaanza kupanga watu, wafupi mbele, wafupi mbele, na mfupi kuliko wote ni nani kama sio mimi, na Deus akaanza, "Asimwe akae katikati, ashike bango, ndiye nembo yetu." Wakacheka. Nikahisi masikio yanachemka. Nyuma yangu kulikuwa na mlango mdogo ulioachwa wazi kidogo, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mmoja wa siku hiyo, mdogo tu, wa kurudi nyuma hatua chache nikaingia humo mpaka picha ipigwe iishe. Huo tu. Yaliyofuata yote yalijiamulia yenyewe.

Nilichokikuta ndani kilikuwa chumba cha kupokelea wageni, cha kwetu kabisa, kama cha nyumba ya bibi. Sakafuni pametandikwa nyasi mbichi zinazonukia, kuna vigoda, kuna kidirisha kinachoingiza mwanga kutoka ziwani, na katikati juu ya mkeka kuna kikapu kidogo chenye mfuniko wake, kile cha kuwekea kahawa za kutafuna. Na kwenye kigoda kando ya ukuta alikuwa amekaa dada mmoja, kavaa kitenge, kitambulisho kimening'inia shingoni, anatafuna.

Kuona nyasi nikavua viatu pale pale mlangoni (nani anakanyaga nyasi za mgeni na viatu), nikapiga magoti nikamwamkia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Umewakimbia wenzako?"

"Wanapiga picha."

Akacheka kidogo. "Hata mimi sizipendi. Kwanza niko hapa wiki ya kwanza, sijazoea wageni. Wananijaribu, wakiridhika ndiyo wananichukua moja kwa moja. Tangu nimalize shule niko tu nyumbani kule Chonyonyo, hapa nimepata kwa kuhangaikiwa na mjomba." Akanyoosha mkono wake kuelekea kwenye kikapu. "Haya, karibu. Karibu, usiogope."

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, maana wenzetu wasio wa huku huwa hawaelewi. Kwetu mgeni akiingia haulizwi kama ana njaa, anapewa kwanza akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, unaweka mdomoni unatafuna taratibu. Mwenyeji anaanza yeye kutafuna, uone kwamba hazina ubaya, halafu anakusogezea na wewe. Ukikataa umemwambia mtu usoni kwake kwamba unadhani anataka kukudhuru. Bibi yangu na jirani yake walinuniana kuanzia mavuno mpaka mavuno kwa sababu jirani alisema ana kidonda mdomoni. Kwa hiyo jiwekeni mahali pangu. Mwenyeji huyu hapa, anatafuna, amesema karibu, amesema tena karibu, mkono umeelekezwa kwenye kikapu, na mimi ni mtoto niliyelelewa. Ningefanya nini?

Nikasogea kwa magoti, nikafunua, nikachukua tatu kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeushika kwenye kiwiko kama nilivyofundishwa, nikasema asante, nikarudishia mfuniko vizuri. Dada hakuniona. Wakati huo huo sauti zilisikika kwenye mlango mkubwa wa upande wa pili, akaruka kutoka kwenye kigoda akaenda kusimama pale kupokea watu, akanipa mgongo. Nikazitia mdomoni zote tatu.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba zilikuwa ngumu. Za bibi zinavunjika kwa jino moja, hizi nilikuwa kama natafuna mguu wa kabati, na ladha yake ilikuwa ya vumbi, na ya sanduku la nguo, na kwa mbali sana, huko mwisho, kahawa. Nikajiambia labda za Chonyonyo ndivyo zilivyo. Nikazisukumia shavuni ili zilainike.

Mlango mkubwa ukajaa. Aliingia kwanza mama msimamizi wa jumba, mwenye miwani na viatu vya visigino, halafu mzee mmoja mrefu mwenye mvi, halafu Madam Kokugonza, halafu klabu nzima (picha ilikuwa imepigwa, bila mimi, nilifanikiwa), na walipokuwa wakijipanga kuzunguka mkeka mimi nikajipenyeza nikasimama nyuma yao kama mtu aliyekuwa nao siku zote. Na kutoka upande ule, kati ya viwiko vya wenzangu, ndipo nilipokiona kibao. Kilikuwa kimesimamishwa mbele ya kikapu kikitazama mlango mkubwa, maana hakuna aliyetegemea mtu aingie kwa mlango mdogo. Kiliandikwa: Kahawa ya Mama. Chini yake: Tafadhali usiguse.

Sikuelewa mara moja. Akili ilikataa kwanza. Nikakisoma tena, na mdomoni zile kahawa zikawa ghafla kubwa kama mayai.

"Huyu ndiye Mzee Byarugaba," msimamizi alisema, "msanii mwenyewe wa kazi hii, tumebahatika yuko hapa leo. Mzee, waeleze vijana."

Mzee akavua kofia. Alikuwa na sauti ya chini, ikabidi watu wasogee, na mimi nikasogezwa nao.

"Mimi ni wa hapa hapa Isingiro," alisema. "Siku naondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mama yangu aliniandalia kahawa, akatandika nyasi kama hizi, akaniambia kaa chini mwanangu, tafuna hata moja, ndipo uende. Gari lilikuwa barabarani linapiga honi. Nikamwambia nimechelewa. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu, nikazichota nikatia mfukoni, nikasema nitatafuna njiani." Akaigeuza kofia mikononi. "Sikutafuna. Na niliporudi, nilirudi kumzika. Kahawa ni hizi. Nimezihifadhi tangu siku hiyo. Nimechonga vitu vingi maishani lakini hii ndiyo kazi yangu, na sikuifanya mimi, aliifanya mama. Sijaweza kuzitafuna, na sijaweza kuzitupa."

Madam Kokugonza alikuwa anafuta macho. Watu wote kimya, hata Deus. Na mimi hapo nyuma, ndani ya shavu langu la kushoto, kahawa ya marehemu ilikuwa inaanza kulainika.

Nilifikiria kuzitema, lakini wapi, na kwa sauti gani katika kimya kile. Nikafikiria kuzimeza nzima, nikajaribu, koo likagoma. Nikafikiria kutoka nje, lakini niliyekuwa naye ubavuni alikuwa ameniegemea. Jasho likaanza kunitoka kwenye kwapa, na mate yakajaa, kwa sababu kahawa ikilainika inaleta mate, na ukimeza mate unameza na yenyewe, kwa hiyo nikawa simezi, nimesimama tu nimejaa kama mtungi.

Mzee akapiga goti moja. "Nitawafunulia mwone," alisema, akashika mfuniko.

Akafunua. Akabaki ameushika hewani.

Sijui aligundua vipi, maana kahawa ndani hazikuwa chache, lakini nadhani kitu unachokiangalia kila siku miaka yote unajua hata kimelalia ubavu gani. Alitazama muda mrefu. Halafu akasema taratibu, sio kwa hasira, "Zimeguswa."

Msimamizi akainama, akaangalia, akanyanyuka, akamgeukia yule dada wa kitenge. "Jovitha. Nani ameingia humu?"

"Hakuna, mama." Halafu akakumbuka. "Aliingia mtoto mmoja, tuliongea tu kidogo..."

"Unatafuna nini?"

Chumba kizima kilimgeukia. Dada Jovitha akaacha kutafuna. Macho yakamtoka, koo likapanda likashuka, na nikaona, na kila mtu akaona, kwamba amemeza.

"Bigijii, mama."

"Fungua mdomo."

Akafungua.

"Iko wapi hiyo bigijii?"

"Nimeimeza."

"Umeimeza." Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wiki ya kwanza. Nilikuambia wiki hii ni ya kukupima, sikukuambia? Nikakuweka chumba kimoja tu ulinde, kikapu kimoja tu. Na unasimama mbele ya wageni unatafuna kahawa ya mzee wa watu."

"Mama, naapa ni bigijii. Naweza kuonyesha karatasi yake." Akaanza kujipapasa mifukoni, kitenge hakina mifuko, mikono ikawa inapapasa tu.

"Kabidhi kitambulisho. Nenda kachukue vitu vyako."

Dada Jovitha akainamisha kichwa kukitoa kile kitambulisho shingoni, na kamba ikanasa kwenye hereni, akawa anahangaika nayo watu wote wakimtazama. Na mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Ilikuwa kama darasani kabisa, ninajua jibu, jibu liko mdomoni, safari hii liko mdomoni kweli kweli, na mwili mzima unaniambia nyamaza Asimwe, nyamaza tu, watatoka sasa hivi, mtapanda gari, hakuna atakayejua mpaka kufa. Kamba ikatoka kwenye hereni.

Nikanyoosha mkono.

Sikutegemea kilichofuata. Madam Kokugonza aliuona mkono ule, akaweka kiganja kifuani kama mtu aliyeona mgonjwa ameinuka kitandani. "Samahani, mama msimamizi," alisema. "Samahani sana, najua si wakati wake, lakini naomba tumsikilize huyu mtoto. Tangu Kidato cha Kwanza hajawahi kunyoosha mkono. Mpisheni. Asimwe, njoo mbele, mwanangu. Uliza swali lako, usiogope, uliza kwa sauti."

Wakanipisha. Njia ikafunguka mpaka kwenye mkeka. Nikapita katikati yao miguu mitupu (hata hilo nilikuwa nimelisahau), nikasimama mbele ya mzee, ya msimamizi, ya kila mtu ninayemfahamu, na Madam ananitikisia kichwa na kutabasamu, na mimi nikafungua mdomo kusema "si yeye, ni mimi."

Kilichotoka hakikuwa maneno. Yalitoka mate ya rangi ya matope, yakateremka kidevuni mpaka kwenye shati langu jeupe la shule, na kipande cha ganda kikaruka kikatua kwenye nyasi. Nikakinga mkono, nikatemea kiganjani, nikawaonyesha. Kahawa tatu, mbili zimepasuka.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Nyuma nikamsikia Deus, kwa kunong'ona kunakosikika mpaka ziwani: "Jamani, amekula urithi." Mtu akaguna kwa kicheko akakizima. Tabasamu la Madam lilikuwa bado liko usoni kwake, halijapata taarifa.

Msimamizi akasema, "Ee Mungu wangu," halafu, "mwalimu, shule gani hii?" Lakini mzee aliinua mkono, msimamizi akanyamaza. Alikuwa bado amepiga goti, uso wake uko sawa na wangu (ufupi wangu ulifaa siku hiyo), akatazama kiganja changu, halafu akanitazama mimi.

"Nani alikupa?"

Nikisema dada alinikaribisha, ndiyo nimemmaliza. Nikasema, "Nilidhani nimekaribishwa. Nilidhani vibaya."

"Nilimkaribisha mimi," Dada Jovitha akasema kutoka mlangoni, kitambulisho kiko mkononi. "Nilimwambia karibu, nikamwonyesha kikapu kwa mkono. Nilikuwa na maana atazame."

"Unaona sasa," msimamizi alisema.

Mzee hakumwangalia. "Viatu vyako viko wapi?" akaniuliza.

Nikaonyesha mlango mdogo. Vilikuwa pale, vimekaa kimoja kando ya kingine, soksi ndani.

"Kwa nini ulivua?"

"Kuna nyasi, mzee."

"Ukakaa?"

"Nilipiga magoti."

Akaangalia chini, miguuni kwake, alikuwa na viatu vyeusi vya kamba, na sisi wote tukaangalia anapoangalia, na watu wakaanza kuona kwamba klabu nzima imesimama kwenye nyasi na viatu vyenye vumbi la Omurushaka, na visigino vya msimamizi vimezitoboa toboa. Hakuna aliyesogea. Nilisubiri anipige, kusema kweli. Nilikuwa nimeshakaza shavu.

"Mimi sikukaa," mzee alisema. Ilikuwa kama hasemi na mimi. Halafu akanifunga vidole vyangu juu ya zile kahawa. "Kilichokaribishwa hakitemwi. Malizia."

Nikadhani sijasikia. Nikamtazama Madam, Madam akatazama ukuta. Basi nikazirudisha mdomoni, mbele ya watu wote, nikatafuna. Jamani, sijui kama mmewahi kutafuna kitu kigumu watu zaidi ya thelathini wakikusikiliza. Kila jino lilisikika. Mzee alibaki amepiga goti ananiangalia mpaka nilipomeza, macho yake mekundu, na mimi nashindwa kujua ni ya huzuni au ya hasira, na mpaka sasa sijui, na nilipomaliza alifunika kikapu, akakikumbatia, akatoka nacho kwa ule mlango mdogo kuelekea ziwani. Hakusema amesamehe.

Msimamizi alikitazama kibao chake kilichobaki kinaelekeza mkeka mtupu. "Jovitha," alisema, "kesho saa mbili asubuhi ofisini kwangu. Mzee ndiye atakayesema. Wengine tokeni, chumba kinafungwa."

Nilitembea mpaka kwenye Koasta bila kuhisi ardhi, na nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa ndipo Dada Jovitha alipogonga dirisha. Alikuwa ameshika viatu vyangu.

"Umesahau hivi."

Nikavipokea. Nilitaka kumwomba radhi, nikawa natafuta maneno, na yeye akachukua kalamu akaandika namba yake ya simu kwenye mkono wangu wa kushoto, maana karatasi hakuna.

"Nipigie kesho," alisema. "Nitakuambia kama bado nina kazi. Ukinyamaza nitajua umeogopa."

"Samahani, dada."

"Mimi ndiye niliyesema usiogope," akasema, akaondoka.

Safari ya kurudi sitaieleza yote. Deus alinipa majina mengi, Tumbo la Taifa, Bi Makumbusho, akawa anauliza nyuma ya kiti changu kwa sauti ya mtangazaji, "Na vile vinyago, Asimwe, ungevila na chumvi au hivi hivi?" na wote wakacheka, na mimi nilikuwa naangalia migomba. Madam Kokugonza hakunigombeza. Tulipokaribia shule ndipo alipogeuka akaniambia, "Miaka yote nausubiri mkono ule, Asimwe. Miaka yote." Halafu akageuka mbele tena, na mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka, na siku hiyo nilikuwa nimeshachoka kutojua.

Nyumbani nilisema safari ilikuwa nzuri. Nilinawa uso, miguu na mkono wa kulia. Wa kushoto sikuunawa.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilimfuata baba migombani nikamwomba simu. Alishangaa, maana mimi simu nikipigiwa huwa nampa mtu mwingine apokee. Nilikwenda kusimama nyuma ya jiko, nikabonyeza namba, nikafuta, nikabonyeza tena, moyo unanipiga kuliko hata jana, kwa sababu jana nilikuwa sijui kinachonijia na leo nilikuwa najua kwamba kuna mtu anaweza kuniambia amekosa kazi kwa ajili yangu. Ikaita mara nyingi.

"Haloo." Alikuwa ananong'ona.

"Dada, ni mimi. Yule wa kahawa."

"Ngoja." Nikasikia mlango unafungwa, halafu ndege wa ziwani. "Niko kazini," alisema.

Nikachuchumaa.

"Mzee alifika kabla hatujafungua," akaendelea. "Nimemkuta mlangoni na kikapu. Akavua viatu, akakaa chini kwenye nyasi, akaniambia na mimi nikae. Akafunua. Alianza yeye, halafu akanisogezea. Tumetafuna mpaka zikaisha, hatukuongea kitu. Ni ngumu zile, mdogo wangu, pole sana."

"Zote?"

"Zote. Mama msimamizi alipoingia hakuamini. Akauliza, sasa mzee, wageni tutawaonyesha nini? Mzee akamjibu, kikapu."

"Na wewe?"

"Amenirudishia kitambulisho. Nakaa mlangoni, kazi yangu ni kuhakikisha kila anayeingia anavua viatu. Ila bigijii nimekatazwa. Na wewe umeweza kupiga simu."

"Nimeweza," nikasema, nikakata haraka kabla sijaharibu.

Baba aliuliza nilikuwa naongea na nani. Nikamwambia mtu wa makumbusho. Akauliza wanataka nini. Nikamwambia hawataki kitu, baba.

Nimeapa mambo mawili na nayaandika hapa ili yanifunge. Nikiingia chumba chochote chenye kitu cha kuliwa nitakizunguka kwanza pande zote nione kama kina kibao, hata kiwe chumba cha bibi, hata bibi anune. Na nikitaka kukimbia picha nitakimbilia nje, kwenye jua, mahali pasipokuwa na mlango.

Halafu nikachota maji, nikalitia shati langu jeupe kwenye beseni, nikalifikicha kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vikanywea. Doa lilipauka, halikutoka. Nimelianika hivyo hivyo kwenye kamba, na Jumatatu nitalivaa, maana shati la shule ninalo hilo moja.